Kulala Juu ya Matumbawe

Kijana mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, akaribia kuoa, naye atuuliza kama yafaa kwenda fungate na mkewe katika zile hoteli za Maldivi ambazo vyumba vyake vimesimamishwa baharini juu ya nguzo. Twamjibu hapa ili na wengine wafaidike.

Kwanza ajue aendako. Maldivi ni visiwa karibu 1,200 vilivyotokana na matumbawe, na Uislamu uliingia huko mwaka 1153. Ibn Batuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa, alikuwa kadhi wao katika miaka ya 1340. Naye asimulia mwenyewe jinsi alivyoamrisha wanawake wajisitiri vifua, asifaulu. Mjini Malé upo msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1658, na kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyochongwa yakashikana yenyewe.

Mgeni wa hoteli huenda asiyaone hayo. Tangu utalii ulipoanza mwaka 1972, desturi ni kisiwa kimoja, hoteli moja, mbali na wenyeji; na pombe iliyokatazwa katika visiwa vya wenyeji huuzwa hapo. Mwaka 2018 kilifunguliwa hata chumba cha kulala kilicho kama mita 5 chini ya maji, dari yake kioo, samaki wakipita juu ya kitanda. Bei iliyotajwa ilikuwa karibu dola 50,000 kwa usiku mmoja. Hapo hatuna la kuongeza.

Sasa tumbawe lenyewe. Wengi hulidhani jiwe, kumbe ni kazi ya viumbe hai vidogo mno, na ndani ya miili yao hukaa mwani usioonekana kwa macho, unaowapa chakula na rangi. Maji yakizidi joto, huufukuza mwani huo, tumbawe likawa jeupe. Joto likidumu, hufa. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya maji mafupi ya Maldivi ilikufa hivyo, na mwaka 2016 yakapauka tena. Karibu nchi yote haifiki mita 3 juu ya bahari, na mwamba ule ndio uvunjao mawimbi. Mwamba ukifa, mwenye hoteli atajenga kwingine. Je, mvuvi na watoto wake, na makaburi ya wazee wake, wahamie wapi?

Basi, kijana wetu, hatusemi usiende. Tangu mwaka 2009 ziliporuhusiwa nyumba ndogo za wageni katika visiwa vya wenyeji, waweza kulala mahali utakaposikia adhana, ule jodari wao, na fedha yako imfikie mwenye nyumba mkononi. Ukiogelea usikanyage tumbawe, wala usivunje hata kitawi cha ukumbusho. Na kama moyo wa bibi harusi umeshikwa na chumba cha juu ya maji, andika uulize kwanza: nguzo zake zimesimama mchangani au juu ya mwamba? Na maji ya vyoo yaenda wapi? Wakishindwa kukujibu, tafuta kwingine.