Ukoko na Kitambaa Cheupe

Siku niliyooa, mwezi wa Aprili 1976, mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi usiku. Turubai lilivuja, wali ukapoa, na shangazi yangu akatangaza mbele ya wageni kwamba kosa ni langu: utotoni nilikuwa mkwanguaji mkubwa wa ukoko sufuriani. Watu wakacheka, nami nikacheka. Ukweli ni kwamba huku kwetu Tanga masika huanza Machi na kuendelea mpaka Mei. Aoaye Aprili hahitaji ukoko ili anyeshewe.

Hata hivyo, sikubaliani na wasomi wanaoibeza miiko yote kuwa ni ujinga. Mtoto anayetumbukiza mkono sufuriani huwapunja wasiokula bado, na huenda akaungua. Mama akimwambia asifanye hivyo, atasahau. Akimwambia harusi yake itanyeshewa, atakumbuka. Kadhalika msichana huambiwa kwamba akifagiliwa miguu hataolewa. Nionavyo mimi, maana yake ni hii: mwenzio akifanya kazi usikae njiani mwake, inuka umsaidie. Hayo ni mafunzo mema yaliyovikwa vazi la hofu.

Ubaya ni kwamba hofu ikizoea kufundisha, hufundisha hata pasipo na somo. Tena tazama, msomaji, adhabu humwangukia nani. "Hutaolewa" huambiwa binti. Mvulana akifagiliwa miguu, ni mara chache mtu kumtishia.

Sasa nifike kwenye kisarawanda, kile kitambaa cheupe kilichotandikwa kitandani usiku wa kwanza ili kitoe ushahidi wa ubikira. Mwaka 1984, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nilialikwa kwenye harusi ya binti niliyemfundisha mwenyewe. Asubuhi tuliketi barazani tukingoja vigelegele. Havikusikika. Kungwi alitoka kichwa chini, kitambaa kikiwa cheupe kama kilivyoingia. Mama wa binti akaanza kulia. Mjomba wa bwana harusi akanigeukia, akauliza, "Mwalimu, wewe wasemaje?"

Mimi niliyesomea ualimu chuoni, niliyesimama ubaoni miaka mingi nikifundisha sayansi, nilijibu, "Hayo ni mambo ya wanawake." Mwezi haukwisha, yule binti akapewa talaka.

Nilijua, au nilipaswa kujua, kwamba kizinda hutofautiana kwa kila mwanamke. Wako wasiotoka damu kabisa usiku wa kwanza, na wako wanaotoka damu kwa sababu nyingine. Kitambaa hakithibitishi lolote. Mwezi wa Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa wito kwamba upimaji wa ubikira ukomeshwe, maana hauna msingi wa kisayansi. Nilipousoma wito huo nilimkumbuka yule binti. Ulikuwa umechelewa miaka 34 kumfaa, lakini ulimi wangu siku ile haukuwa mbali naye. Ulikuwa barazani.

Nikiyasema haya, wazee wenzangu hunirushia methali: mwacha asili ni mtumwa. Nawajibu: asili ipi? Kama shabaha ni usafi wa mwenendo, mbona bwana harusi hakutandikiwa chochote? Somo linalomhusu mwanafunzi mmoja kati ya wawili si somo, ni uonevu. Mwiko wa ukoko nikiufunua nakuta adabu ya mezani. Kisarawanda nikikifunua nakuta binti mmoja akihukumiwa na halaiki.

Simwombi mtu atupe harusi zetu. Hina ipakwe, singo isuguliwe, ngoma ipigwe, na kungwi amfunde mwari namna ya kuishi na mume kwa heshima. Nawaomba wazazi na makungwi jambo moja tu: kila mnapotoa mwiko, toeni na sababu yake. Sababu ikipatikana, mtoto ataufuata mwiko bila kutishwa. Isipopatikana, uacheni.

Wajukuu zangu wanajua kwa nini hawali sufuriani. Wanajua pia kwamba siku ya harusi zao, nikijaliwa kuwapo, hakuna kitambaa kitakachotolewa nje huku mimi nimeketi kimya.