Senegal: Asilimia 55 ya kura, asilimia 79 ya viti. Imekuwaje?

Chama tawala cha Senegal, Pastef, kimezoa viti 130 kati ya 165 katika uchaguzi wa wabunge wa Novemba 17, 2024. Lakini ukiangalia kura, kimepata asilimia 54.97 tu.

Machi mwaka huohuo, Bassirou Diomaye Faye alishinda urais kwa asilimia 54. Yaani uungwaji mkono haujapanda sana. Siri iko kwenye namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti.

Kura moja, hesabu mbili

Msenegali anapiga kura moja, ila inahesabiwa mara mbili. Viti 53 vinagawanywa kitaifa kulingana na kura za kila orodha. Viti 112 vilivyobaki ni vya wilaya na vya Wasenegali wanaoishi nje ya nchi.

Kwenye hivyo 112 hakuna kugawana. Wilaya inaweza kuwa na kiti 1 hadi 7, na orodha inayoongoza inabeba vyote, hata ikiongoza kwa kura chache. Safari hii orodha zilikuwa 41, na wapinzani waligawana kura wenyewe kwa wenyewe.

Kwa nini ni jambo zito

Kubadili katiba kupitia bunge kunahitaji asilimia 60 ya kura za wabunge, yaani 99 wote wakipiga kura. Kama viti vyote vingegawanywa kwa uwiano, Pastef ingepata takriban 91. Ingetosha kupitisha sheria za kawaida, lakini kwenye katiba ingelazimika kubembeleza wengine. Sasa haina haja hiyo.

Takku Wallu ya rais wa zamani Macky Sall, yenye karibu asilimia 15 ya kura, imeambulia viti 16.

Mkuki kwa nguruwe

Hata hivyo, Sall naye aliwahi kunufaika. Mwaka 2017 muungano wake ulipata viti 125 kwa kura zisizofika asilimia 50. Mwaka 2022, wapinzani waliposhirikiana, ukabaki na 82, pungufu kwa kiti kimoja tu kupata wingi wa bunge.

Somo kwa upinzani ni hilo: ukigawanyika, wilaya nzima inakwenda kwa mwenzako. Kwa Pastef, swali ni kama itakubali kurekebisha mfumo ambao leo unaibeba, kabla haujambeba mtu mwingine.