Yule wa Magindu

Sisi tuliokuja chuo kwa mkopo tunaijua kazi ya kuhakiki cheti RITA. Herufi moja ya jina la babu ikikosewa, bumu linachelewa. Siku ile najaza fomu niligundua kwamba upande wa baba naweza kutaja wanaume wanne kurudi nyuma bila kusita. Upande wa mama niliishia kwa bibi. Mama yake bibi nilimjua kama "yule wa Magindu", basi.

Likizo iliyopita nikaenda Magindu kutafuta habari zake. Jina lake silitaji hapa. Bibi kaniomba, na utaona kwa nini.

Kumbe aliolewa mara mbili! Mume wa kwanza alikuwa kibarua wa reli upande wa Soga. Akamwacha, mama akakaa eda, kisha akarudi kwao na mtoto wa kike mgongoni, akafyeka shamba. Baadaye ndipo akaolewa na baba yake bibi. Sasa kazi ikaanza: Soga wanamkumbuka kwa jina la mtoto wake wa kiume aliyefia huko, kwetu anaitwa kwa jina la bibi, na wazee wa kwao wanamwita binti wa baba yake. Wazee wawili walinibishia kabisa kwamba hao ni wanawake tofauti. Ubishi ulimalizwa na bibi mmoja jirani. Alisema siku ya msiba walikuja watu wa Soga, na mwanamke mmoja kati yao akaingia ndani kuosha maiti. Mtu baki haingii kule.

Karatasi hazikunisaidia. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, yeye ndoa zote mbili alishazimaliza. Kodi ya kibanda ya enzi za Waingereza iliandika mwanaume, na mke akahesabiwa kama kibanda. Nimesoma kwamba hata Marekani, wanaowatafuta bibi zao wa enzi za walowezi wanakwama hapohapo: mwanamke akiolewa anapoteza jina, akiolewa tena analipoteza mara ya pili.

Lakini sisi tuna kisingizio gani? Wazaramo na Wakwere ni watu ambao ukoo wao unapita kwa mama. Yule mtoto wa mgongoni na bibi yangu ni tumbo moja, ukoo mmoja. Hivi huyo anawezaje kusahaulika?

Nadhani hakusahaulika. Reli ya kisasa imepita, Kwala kuna bandari kavu, na shamba ambalo zamani hakuna aliyelitaka sasa lina bei. Ndugu wamekaa kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na orodha ya warithi inaanzia ndoa ya pili. Ukiuliza, unaambiwa mambo ya talaka ni aibu, tuwasitiri marehemu. Mimi naona anayesitiriwa pale ni shamba. Kuachika hakukuwa aibu wakati anafyeka.

Nilimwambia mjomba. Akacheka, halafu akakasirika: "Tumekusomesha ili uje utugawie shamba?"

Ndiyo maana nawaandikia nyie. Wengi wetu ndio tunaoitwa kuandika mihtasari hiyo nyumbani, kwa sababu tuna mwandiko na laptop. Tunaandika tunachoamriwa. Kabla hujaandika, muulize bibi: kabla ya babu, ulikuwa wapi, kwa nani, na mtoto gani? Muulize akiwa peke yake, jikoni, wajomba wakiwa hawapo. Mimi bila jiko lile nisingepata kitu.

Nina daftari lenye majina 11 ya watu wa Soga. Kikao kingine ni mwezi ujao. Bibi amesema atayasoma mwenyewe, nisimtangulie.