Herufi si pambo: muache kumrudisha mhami juu ya kosa la mashine

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa zetu muliohama makwenu, munaotusoma kwenye simu ya jirani: leo siongei juu ya barabara wala juu ya bei ya unga. Naongea juu ya herufi. Wenye kutaka kucheka wangojee kidogo.

Kuna mzee mmoja, jina lake Joël. Karatasi zake zote zinaandika hivyo, na vitone viwili juu ya e. Siku ya kugawa chakula, orodha iliandika JoÃ«l. Kijana aliyeshika orodha akatazama karatasi, akatazama orodha, akasema: «Baba, hili si jina lako. Uende kwa msimamizi.» Msimamizi hakuwepo. Mzee akarudi kwenye hema na mfuko mtupu, na wajukuu walikuwa wamekwisha kuwasha moto.

Waliogawa siwataji, kwani ugonjwa huu si wa mtu mmoja. Lakini nasema wazi: mzee hakukosa. Aliyekosa ni yule aliyehamisha faili kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kuangalia, kisha akamtwika mhami mzigo wa kosa lake.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila herufi ina namba yake. Faili inabeba namba, na fonti inachora sura ya kila namba kwenye kioo au kwenye karatasi. Hizi mbili zikikosa kupatana, kuna alama tatu, na kila mwenye kushika orodha angepaswa kuzijua kama vile muuguzi anavyojua alama za malaria.

Ya kwanza ni kisanduku kitupu. Hapo namba ni nzima, ila fonti haina picha ya herufi ile. Tia fonti nyingine, jina litarudi.

Ya pili ni Ã« mahali pa ë. Hapo fonti haina kosa hata kidogo. Herufi ë iliandikwa kwa namba mbili, 195 na 171, kufuatana na kanuni ya UTF-8, na mashine ikazisoma kama herufi mbili za kanuni ya zamani. Iambie mashine kanuni ya kweli, jina litarudi.

Ya tatu ni alama ya kuuliza: Jo?l. Hapo mara nyingi mambo yamekwisha haribika. Mashine imetupa namba ya kweli na kuweka alama ya kuuliza mahali pake. Hakuna fonti duniani itakayoirudisha. Inabaki kurudi kwenye faili ya kwanza, au kwa mzee mwenyewe.

Orodha ya mzee Joël ilikuwa na alama ya pili. Ilikuwa kazi ya dakika tano.

Watu wananiambia: «Ni juu ya hizi kompyuta kuukuu munazopewa.» Sikubali. Kompyuta kuukuu ikija kwetu, fundi mara nyingi anaitia Linux, kwa sababu ni nyepesi na haiombi pesa. Linux ilizaliwa mwaka 1991 ikifuata desturi za Unix, na desturi hizo ndizo zinatuambia herufi zinapotelea wapi.

Katika miaka ya 1980 na 1990, vyuo na viwanda vya Marekani na Ulaya vilifanya kazi kwenye mashine za Unix za Sun, Silicon Graphics na HP. Kioo chake kiliongozwa na X Window System, iliyoanzishwa kwenye chuo cha MIT mwaka 1984. Huko fonti zilikuwa za aina mbili. Za kioo zilichorwa kwa vitone, katika faili za BDF na PCF. Za karatasi zilikuwa Type 1 za Adobe, zilizotengenezwa kwa mistari ili mashine ya kuchapia izichore kwa ukubwa wowote. Kwa hiyo ulichokiona kwenye kioo hakikuwa lazima kitoke kwenye karatasi. Mwenye kuongeza fonti ya kioo alipaswa kugeuza BDF kuwa PCF kwa bdftopcf, kuiweka kwenye folda yake, kuandika upya orodha ya folda kwa programu ya mkfontdir, kisha kuambia kioo kisome tena kwa xset fp rehash. Ukiruka hatua moja, fonti iko lakini mashine haiioni.

Nyingi za fonti hizo ziliishia na maneno iso8859-1. Hiyo ndiyo kanuni ya zamani: nafasi 256 tu. Ndani yake kuna é, ë, ç na ï za Kifaransa. Hakuna ɛ wala ɔ. Na hizo mbili si pambo kwa wenye kuandika Lingala kwa ukamilifu. Moto ni mtu. Motó ni kichwa. Mɔ́tɔ ni moto wa kuunguza. Andika onyo la moto bila herufi hizo, msomaji anabaki kukisia kama unamwambia ajihadhari na moto au na watu.

Basi waandishi wa lugha za Afrika walifanya ujanja. Walichukua fonti, wakafuta alama isiyotumika sana, wakachora ɔ mahali pake. Siwalaumu, walitaka kuandika lugha yao na mlango ulikuwa umefungwa. Lakini namba ndani ya faili ilibaki ile ya alama ya zamani. Faili ikienda kwenye mashine isiyo na fonti ile, ɔ zote zinageuka takataka.

Hapa ndipo nagombana na mafundi wetu. Fundi analetewa maandiko ya namna hiyo, anachukua fonti ya Type 1, anaifungua kwa FontForge, anaitoa kama TrueType, anasema: «Nimemaliza.» Hapana, ndugu yangu! Umebadili koti, mtu hukumbadili. Namba za uongo zimebaki vilevile ndani ya faili. Kinachoomba kubadilishwa ni maandiko yenyewe, kwa jedwali linalosema: kila alama hii ni ɔ, kila alama hii ni ɛ. Programu ya kazi hiyo iko: TECkit ya SIL inafanya hilo hasa.

Na muda hautungojei. LibreOffice iliacha kusoma fonti za Type 1 kuanzia toleo la 5.3, mwaka 2017. Adobe yenyewe, mama wa Type 1, iliziacha Januari 2023. Maandiko ambayo uhai wake wote ulikuwa ndani ya fonti moja ya ujanja yanazimika moja moja, na hakuna anayepiga kelele.

Tena dawa si ngeni. UTF-8 ilibuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, na Thompson huyo ni mmoja wa walioiunda Unix. Dawa ilipikwa ndani ya nyumba ileile iliyokuwa na ugonjwa. Kwenye Unicode, ɔ na ɛ zina namba zake za kweli, ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzichukua. Fonti za Charis SIL na Doulos SIL zinazichora, hata pamoja na alama ya sauti juu yake, na ni za bure. Hata mashine kuukuu inayotaka fonti za vitone tu inaweza kusaidiwa: programu ya otf2bdf inatoa BDF kutoka kwenye TrueType, mradi uiombe kanuni ya iso10646-1, si ile ya zamani. Basi atakayesema «mashine haiwezi» aseme ukweli: mimi sikujaribu.

Wengine wanasema: «Tuandike majina yote bila alama, mambo yaishe.» Kwa orodha ya chakula, sikatai kabisa. Lakini iwe kanuni ya wote, itangazwe kabla, na karatasi zote zisomwe kwa kanuni hiyo. Kufuta alama upande mmoja na kuzidai upande mwingine ni mtego.

Na wengine wananiuliza: «Watu wana njaa, wewe unaongea juu ya vitone?» Ndiyo, naongea juu ya vitone kwa sababu watu wana njaa. Kambini, orodha ndiyo mlango wa chakula, wa dawa na wa hema. Jina likiharibika pale, mtu amefungiwa nje, hata akisimama mbele yako na uso wake.

Kwa hiyo nawaomba wenye orodha mambo manne. Faili ya kwanza iwekwe mahali salama, isiguswe kamwe; kazi ifanyike kwenye nakala. Kila orodha iandikwe kwa UTF-8, na anayeipokea aambiwe hivyo. Kabla ya kuchapa, mtu atafute Ã, visanduku na alama za kuuliza ndani ya majina. Na la nne, ambalo haliombi kompyuta: mtu asirudishwe juu ya herufi. Jina likikosana kwa alama tu, apewe chakula chake kwanza, orodha itengenezwe baadaye, na anayeitengeneza awe mwenye orodha, si mhami.

Nanyi jamaa zetu, siku ya kuandikishwa musiondoke mezani haraka. Muombe kuonyeshwa jina kwenye kioo. Mukipewa karatasi, mulitazame tena jina kwenye karatasi, kwani munajua sasa kwamba kioo na karatasi vinaweza kutofautiana. Mama asiyesoma amwite mtoto anayesoma. Na mukiona kitu kigeni ndani ya jina lenu, musione haya na musijilaumu. Museme tu: «Hii ni kosa la mashine, tafadhali litengenezwe sasa, mimi niko hapa.»