Tusiuite Uzembe Ukame



Wiki iliyopita nilimpigia simu dada yangu Dar. Akaniambia maji hayajatoka siku ya tatu. Nikauliza kulikoni? "Ukame, kaka." Na mvua je? "Mvua ilinyesha juzi mpaka daladala zikashindwa kupita."

Nikabaki nimeshika simu. Mimi niko Dubai, jangwani. Hapa mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki hata milimita 150, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Kama ukame ni uchache wa mvua tu, basi wa kulia tulikuwa sisi. Lakini sijamsikia mtu wa Deira akisema bomba ni kavu kwa sababu ya ukame. Jangwa kutokuwa na mvua ni hali yake. Ukame ni pale mvua uliyoitarajia inapokosekana.

Sisi Waswahili tumelipanua neno hili, na si vibaya. Mshambuliaji asiyefunga ana ukame wa mabao. Taifa Stars ilicheza AFCON 1980, ikarudi 2019. Huo nao tuliuita ukame. Mfuko ukiwa mtupu ni ukata. Jua la kila mwaka ni kiangazi. Kila hali ina jina lake.

Tatizo linaanza neno hili likiingia ofisini. Ukame una sifa moja wakubwa wanaipenda: hauna mhusika. Hauitwi na kamati, haujiuzulu.

Tukumbuke 2006. Ukame ulikuwa wa kweli, bwawa la Mtera lilishuka na nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Lakini mkataba wa Richmond haukuandikwa na mawingu. Mitambo ilichelewa, Bunge likaunda Kamati Teule, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ukame ulileta shida. Yaliyofuata yaliletwa na watu.

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, Dar ikapangiwa mgawo wa maji. Ukame tena. Lakini bwawa la Kidunda, la kuhifadhi maji ya mto huohuo, lilikuwa kwenye mipango kwa miongo kadhaa. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Novemba 2022, mwezi mmoja baada ya watu kupanga ndoo. Je, miaka yote ile ya kusubiri nayo tuiite ukame?

Najua mtaniambia Dubai wana fedha. Kweli. Kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari kunakula nishati nyingi, na sisemi Dar tuige Jebel Ali. Wala Dubai si peponi: Aprili 16, 2024 mvua kubwa ilizamisha mitaa, magari yakaelea. Lakini Juni mwaka huohuo mtawala wao aliidhinisha mradi wa mifereji wa dirham bilioni 30. Na watu hawa wanamwomba Mungu kama sisi. Desemba 2024 Rais wa Emirates aliitisha sala ya kuomba mvua nchi nzima. Waliswali, na mitambo ya maji haikuzimwa.

Kuna watu wana haki kamili ya neno hili. Kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Mfugaji aliyeona ng'ombe wake wakianguka mmoja mmoja, huyo anaujua ukame. Tukilitumia neno lake kufunika bomba lililopasuka au faili lililolala mezani, tunamwibia. Siku akilia kweli, tutadhani ni hadithi ileile.

Kwa hiyo kiongozi akisimama na kusema "ni ukame", tusiitikie tu. Tumuulize: Mvua imepungua kwa kiasi gani? Tulihifadhi kiasi gani ilipokuwepo? Mlionywa lini, na mlifanya nini? Akijibu yote matatu, tumpe pole na tuvumilie pamoja. Akishindwa, huo si ukame. Ni uzembe, na uzembe una wenyewe.

Dada yangu nimemtumia hela ya kununua maji ya boza. Lori lilifika siku hiyohiyo, limejaa. Sasa niambieni, hayo ya kwenye lori yalitoka wapi kama nchi imekauka?

Naomba kuwasilisha.