Mama Mkwe Hakuwa Mgomvi, Alikuwa Mgonjwa

Akina mama wapenzi, mwezi huu napenda tuzungumze juu ya wazee wetu wanaopotewa na kumbukumbu. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa mama hodari, aliyelea watoto saba kwa jembe la mkono. Mwaka wa kwanza tulikaa vizuri. Mwaka wa pili mambo yakaanza kubadilika. Asipoiona kanga yake alisema nimeiiba. Akila mchana, baada ya nusu saa alikwenda kwa jirani kulalamika kwamba tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Majirani wakaanza kunitazama vibaya. Hata kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani niliona mazungumzo yanakatika nikifika.

Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka 15. Angekuwa mgonjwa wa wodini, ningemwuliza maswali na kumpima. Kwa kuwa alikuwa mkwe wangu, nilikasirika tu. Siku moja nilichukua sahani yake ambayo haijaoshwa, nikamwonyesha mbele ya jirani: "Mama, si hiki ndicho chakula ulichokula sasa hivi?" Aliitazama sahani, akanitazama mimi, machozi yakamtoka. Akasema, "Mwanangu, mimi sijui." Nilishinda mabishano, lakini usiku ule sikupata usingizi.

Siku chache baadaye tulimkuta barabarani alfajiri, amebeba jembe begani. Alikuwa anakwenda shambani kwake, nalo lilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Ndipo nilipofahamu kwamba mama huyu ni mgonjwa.

UGONJWA, SI TABIA

Hali hii huitwa demensia. Hutokana na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo. Linaloongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ulioitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Sababu nyingine kubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa wenye shinikizo la damu, kisukari au waliopata kiharusi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu.

Kila mzee husahau kidogo. Akisahau alipoweka ufunguo, hilo ni la kawaida. Akiushika ufunguo asijue ni wa kazi gani, hapo pana tatizo. Mara nyingi mambo ya leo ndiyo hupotea kwanza, ya zamani yakabaki. Bibi huweza kuimba nyimbo za utoto wake, lakini hakumbuki kama amekula. Anaficha kanga, anasahau kwamba ameificha, kisha anatafuta maelezo: kuna mwizi. Na anayeshukiwa kwanza ni yule aliye karibu naye, yaani wewe unayemhudumia.

Wapo watakaosema amerogwa, au ana pepo, au mchawi ni yeye mwenyewe. Hapa Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mama mzee anayetangatanga usiku na kuzungumza peke yake yuko hatarini. Kumwombea ni jambo jema, nami huomba. Lakini kumnyima chakula au kumpiga ili pepo atoke ni kumtesa mgonjwa.

MPELEKE HOSPITALI

Si kila kuchanganyikiwa ni demensia. Mzee akibadilika ghafla, kwa saa au siku chache, huenda ana malaria, maambukizo ya njia ya mkojo, au amepungukiwa maji. Mwahishe. Huzuni kubwa, upungufu wa vitamini B12 na ugonjwa wa tezi la shingo pia huleta usahaulifu, na hutibika. Chukua dawa zake zote kwenye mfuko umwonyeshe daktari, maana baadhi ya dawa huvuruga akili za wazee. Demensia zenyewe nyingi bado hazina dawa ya kuziponya, lakini matunzo mazuri hupunguza mateso.

YALIYOTUSAIDIA NYUMBANI

1. Tuliacha kubishana. Aliposema hajala, sikumkumbusha sahani. Nilimbakizia uji kidogo nikasema, "Karibu Mama, uji uko tayari." Alipomwulizia mama yake, sikumwambia kwamba alikufa zamani, maana kila mara angefiwa upya. Nilimwuliza, "Mama yako alikuwa anapika nini?" Akasimulia mpaka akatulia.

2. Tulimpa kazi. Alichambua mchele na kukunja nguo. Mchele ule ule aliuchambua mara mbili, wala hakuna aliyemcheka.

3. Tulifuata saa zile zile za kula, kuoga na kulala. Tulimwambia jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya upole.

4. Tuliondoa hatari. Mafuta ya taa, dawa na visu vilifungiwa, na jiko la mkaa halikuachwa bila mtu. Ndani ya gauni lake nilishona kitambaa chenye namba yetu ya simu.

5. Tuliwaeleza majirani, mwenye duka na vijana wa bodaboda. Tangu siku hiyo walimrudisha nyumbani kwa heshima, na maneno juu yangu yakaisha.

NAWE MLEZI JE?

Mzigo huu mara nyingi humwangukia mke wa mwana. Usiubebe kimya kimya. Mimi nilimwambia mume wangu wazi kwamba nachoka, naye akaitisha kikao cha ndugu zake. Wifi mmoja alikubali kuja wiki mbili kila baada ya miezi mitatu, na wengine wakachangia fedha. Akina mama wawili wa kanisani walikaa naye kila Jumatano alasiri ili nilale. Ukiona mkono unataka kuinuka, toka nje kwanza, uite mtu akupokee. Kuchoka si dhambi, lakini mchovu asiye na msaidizi huweza kumwumiza ampendaye.

Mwishoni mama alisahau hata jina langu. Jioni moja nilikuwa namwosha miguu, akaniuliza, "Dada, wewe ni mwema sana. Je, una mama?" Nikamjibu, "Ninaye."

Akina mama, amri ya kuwaheshimu wazazi haikuwekewa sharti kwamba wazazi watukumbuke. Kama nyumbani kwako yupo mzee wa namna hii, wiki hii fanya mambo mawili: mpeleke akapimwe, na mwite ndugu mmoja umwambie, "Njoo unisaidie." Tuonane mwezi ujao.