Kinyonga mgonjwa ana haki juu ya aliyemfungia

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa kila kitambaacho na kila kirukacho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya haya:

Tumepokea swali la kijana mmoja wa Kisondela, wilayani Rungwe. Kijana huyo anafuga kinyonga wa pembe tatu aliyemchukua kwenye miti ya kando ya msitu, juu mlimani, akamshusha nyumbani kwao na kumweka katika kizimba karibu na jiko. Kwa wiki mbili sasa kinyonga huyo hali wadudu anaopewa, macho yake yamedidimia na huyafumba mchana kutwa. Kijana amewaendea wahudumu wa mifugo, nao wamemjibu kwa uungwana kwamba wanajua ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini hawajapata kutibu mnyama wa namna hiyo. Jamaa zake wanamcheka, na wengine wanamwambia amtupe kwa kuwa kinyonga ni mkosi. Anatuuliza mambo matatu: je, inafaa kumfuga? Je, akitumia fedha kumtafutia daktari atakuwa amefanya israfu? Na je, akishindwa kumponya, amuue ili apumzike?

Wapo watakaoliona swali hili kuwa la mzaha. Sisi hatulioni hivyo. Anayeuliza haki ya kiumbe kisichoweza kujisemea ameuliza jambo la dini, na anastahiki jibu kamili.

Kinyonga si mjusi kafiri

Tuanze na hili la mkosi. Katika jamii zetu nyingi kinyonga huogopwa. Watoto humpiga mawe, na wakubwa huwaangalia bila kuwakanya. Baadhi ya Waislamu huutafutia ukatili huo hoja ya dini, kwa kuwa imepokewa katika Hadithi sahihi amri ya kumuua mjusi aitwaye kwa Kiarabu wazagh, tunayemwita mjusi kafiri. Hoja hiyo haisimami. Kinyonga kwa Kiarabu ni hirba, na Waarabu hawakumchanganya na wazagh. Sheikh Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, katika kamusi yake mashuhuri ya wanyama aliweka mlango wa huyu na mlango wa yule. Waarabu walimpigia mfano kinyonga kwa uangalifu wake, kwa sababu haachi tawi alilolishika mpaka awe amekwisha kushika jingine.

Kwa hiyo hukumu ya mjusi haihamishwi kwa kinyonga kwa sababu tu wote wawili ni wanyama watambaao. Kinyonga hana sumu, hamshambulii mtu, na chakula chake ni wadudu. Kuamini kwamba kumwona kunaleta nuksi ni katika itikadi za kuagulia mikosi ambazo Mtume (S.A.W.) alizikataza. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'am, aya ya 38, kwamba wanyama wa ardhini na ndege ni umma mfano wetu. Kinyonga hakutolewa katika umma hizo.

Kumfuga kuna masharti

Ama kufuga, dalili inayotegemewa na wanazuoni ni kisa cha Abu Umayr, ndugu wa Anas bin Malik (R.A.) kwa mama, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtoto huyo alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye. Ndege alipokufa, Mtume (S.A.W.) alimkuta mtoto ana huzuni, akamuuliza habari za ndege wake kwa upole na kumliwaza. Hakumkemea kwa kufuga, wala hakumcheka kwa kuhuzunika. Mwanachuoni wa Kishafi Ibnul Qass, wa karne ya nne Hijria, aliandika kitabu kizima akitoa mafunzo zaidi ya 60 katika kisa hicho kifupi. Wanaomcheka kijana wa Kisondela nao wanalo la kujifunza humo.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka, na mpaka wake umo katika Hadithi nyingine ambayo wengi wetu tunaijua bila kuizingatia. Mwanamke mmoja aliingia motoni kwa sababu ya paka. Kosa lake halikuwa kumfuga. Alimfungia, asimlishe, wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Hapo ndipo penye kiini cha jibu letu. Mnyama aliye mwituni riziki yake iko kwa Mola wake, naye amepewa miguu, macho na ulimi wa kuitafutia. Mara tu unapomfungia umemkata na njia zake zote, na umejitwisha kazi ya kuwa njia hiyo wewe. Kizimba ndicho kilichomgeuza kinyonga yule kuwa mmoja wa wale ambao kijana huyo ana wajibu wa kuwalisha.

Aidha, kuna sheria ya nchi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inataka kibali kwa anayekamata au kumiliki mnyamapori. Tunamnasihi kijana wetu afike kwa afisa wanyamapori wa wilaya na kueleza hali ilivyo. Kutii utaratibu usiopingana na dini ni katika wajibu wetu.

Kumtibu si israfu

Swali la israfu linahitaji uangalifu, kwa kuwa tunaishi na watu wasio na nauli ya kuwapeleka wazazi wao hospitali. Israfu ni kutumia pasipo haki. Kutumia kwa ajili ya haki uliyojifunga nayo mwenyewe hakuitwi israfu, mradi uwe kwa kiasi cha uwezo na usiwanyime wanaotangulia kuhudumiwa. Imamu Nawawi, katika Minhaj, anaeleza kwamba mwenye mnyama akikataa kumlisha hulazimishwa. Naye Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipozitaja haki za wanyama juu ya wanadamu alisema mnyama hugharimiwa hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa yoyote. Tuizingatie kauli hiyo. Huko Rungwe, wilaya yenye ng'ombe wengi wa maziwa, ng'ombe akiugua wote hushtuka, kwa kuwa maziwa ni fedha. Huruma hupimwa vizuri zaidi kwa mnyama ambaye hutapata kwake maziwa, wala nyama, wala sifa.

Daktari yuko wapi?

Hapa pana uzito wa kweli. Wenzetu katika nchi nyingine wamejipanga. Nchini Marekani, kwa mfano, madaktari wa wanyama watambaao wana chama chao tangu mwaka 1991. Kwetu, udaktari wa mifugo unafundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kutoka Tukuyu hadi huko ni zaidi ya kilometa 600. Kumsafirisha kinyonga aliyedhoofika kwa basi mwendo huo kunaweza kumuua kabla ya maradhi yake.

Tunaona njia iliyo karibu ni kwamba daktari wa mifugo wa karibu awe mkono, na mtaalamu wa mbali awe jicho. Kinyesi kibichi cha kinyonga, kikiwekwa katika kichupa safi, huweza kupimwa minyoo kwa darubini ile ile inayopima kinyesi cha ndama. Picha za macho, mdomo na miguu, pamoja na uzito wake kwa gramu, zaweza kutumwa kwa simu kwa mtaalamu wa wanyamapori, naye akamwelekeza daktari aliyepo. Wale wahudumu waliosema hawajui wamefanya jambo la kusifiwa. Imepokewa na Abu Dawud kwamba anayetibu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Dawa iliyotengenezwa kwa ng'ombe wa mamia ya kilo, ikikisiwa kwa mnyama wa gramu chache, ni hatari iliyo wazi.

Wakati huo huo yapo ambayo kijana anaweza kuyafanya leo. Kinyonga kwa kawaida hanywi maji katika bakuli. Hulamba matone juu ya majani. Macho yaliyodidimia aghalabu ni dalili ya kiu ya muda mrefu. Basi kizimba kitiwe matawi yenye majani mabichi, na majani hayo yanyunyiziwe maji kwa muda mrefu, asubuhi na jioni. Kizimba kiondolewe jikoni, kwani huyu ni mnyama wa mlima wenye ukungu na usiku wa baridi, na joto na moshi vinamdhuru. Apate jua la asubuhi moja kwa moja, huku akiwa na kivuli cha kukimbilia. Bila jua mifupa yake hulainika. Apewe wadudu hai wa aina mbalimbali, na asilazimishwe kula kwa kupanuliwa mdomo. Akionekana anahema mdomo wazi, au anatoa mapovu, huenda mapafu yameshambuliwa, na hapo daktari hana mbadala.

Tunasema pia kwamba jambo hili lisiachwe mabegani mwa kijana mmoja. Imamu Ghazali aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya: wakikosekana kabisa wa kuisimamia, mji mzima unapata dhambi. Kinyonga wa pembe tatu wa Rungwe na Poroto, ambaye wataalamu humwita Trioceros fuelleborni, hapatikani katika nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Mwaka 2006 wataalamu walipolipa jina kundi jingine la vinyonga wa Afrika Mashariki walilitoa katika Kiswahili chetu, wakaliita Kinyongia. Na mwaka 2009 aina mpya ya kundi hilo ilitangazwa kutoka milima ya Poroto. Nchi iliyopewa amana hii haina udhuru wa kukosa watu wa kuitibu. Vyuo vyetu viwape wanafunzi wa udaktari wa mifugo mafunzo ya kutosha juu ya wanyama hawa, na vijana wetu wa Kiislamu wasione haya kuisomea fani hiyo.

Wanaowafanya bidhaa

Kuna waliowaona vinyonga kwa jicho la fedha tu. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Mwaka 2022 ilitangazwa nafasi ya muda, nayo ikasitishwa muda mfupi baadaye. Hata hivyo magendo yamekuwapo. Mwezi Januari 2021 Austria ilitangaza habari za vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara waliokamatwa katika uwanja wa ndege wa Vienna, wakiwa wamefichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Walipelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn, na watatu kati yao hawakunusurika. Anayemkamata kinyonga msituni kwa ujira mdogo ajue kwamba ameshiriki katika safari hiyo. Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Abu Dawud, alipomwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, aliamuru arudishiwe.

Akishindikana

Limebaki swali la tatu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kitabu cha Fat-hul Mu'in kinachosomeshwa katika madrasa zetu nyingi kinasema wazi kwamba mnyama asiyeliwa hachinjwi hata kwa nia ya kumpumzisha, kama punda aliyelemaa. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine walioruhusu pale mateso yanapozidi na tumaini likakatika. Sisi tunamshauri kijana asifanye haraka. Kufumba macho si kufa, na kiu si maradhi yasiyo na dawa, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Amhudumie kwa yale tuliyoyataja, na amuulize mjuzi. Akipona, basi kwa idhini ya wahusika amrudishe pale pale alipomtoa, mlimani, asimwachie katika msitu mwingine. Na ajali yake ikifika akiwa anahudumiwa, hana lawama, maana amejitahidi.

Ugumu wa jibu hili ni nasaha kwa wengine wote. Mwenye kumpenda kinyonga amtazame akiwa tawini. Kumchukua ni dakika moja, lakini haki zake ni za umri mzima, na madaktari wake ni wachache. Walimu wa madrasa za Rungwe na kwingineko wawafundishe watoto kwamba jiwe wanalomtupia kinyonga litaandikwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowahurumia waliomo ardhini, ili nasi tupate rehema Yake. Wabillahi tawfiq.